Farasi Niliyekwisha Kumla

Kila asubuhi, mwanangu Tilek akishafunga mlango wa chuma kwa nje na mkewe Jypara akishakivuta kitasa mara mbili kuhakikisha, mimi huketi dirishani na simu yangu nikasoma matangazo ya farasi. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita nawatukana walioyaandika. Saa sita nakunywa chai. Halafu naendelea.

Mtu asiyejua kumwandika farasi asimuuze. Hilo ndilo neno langu. Leo asubuhi tu nimekutana na hili: «Nauza farasi. Ni mkubwa. Nipigie.» Na hili: «Jike labda ana mimba labda hana, bei ya haraka, mke anaumwa.» Na jingine: «Wawili kwa bei ya mmoja. Mmoja haoni.» Picha ndizo zinanimaliza kabisa. Unaletewa matako ya farasi, ndoo, na kidole gumba cha mwenyewe kimefunika nusu ya dunia. Huu ni mwezi wa tatu, majani makavu yamekwisha ghalani kila kijiji, na watu wanauza walichoshindwa kulisha. Mbavu zinahesabika mpaka kwenye simu. Bei ni ya kutupa. Hakuna hata mmoja anayeandika kwamba ana njaa. Wote wanaandika kwamba «kakonda kidogo».

Nina haki ya kukasirika. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye shamba la farasi la serikali, kule juu Naryn, mpaka serikali ile ikafa na shamba likagawanywa vipande. Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila mtoto wa farasi aliyezaliwa nilimzunguka mara tatu na penseli mkononi, nikaandika mistari sita: rangi, alama za usoni, alama za miguu, chapa, kimo, na mwisho mahali nywele zake zinapojizungusha. Huo wa mwisho ndio mstari wenyewe. Rangi hubadilika, chapa hughushiwa, lakini duara la nywele shingoni farasi huzaliwa nalo na huzikwa nalo, na hakuna wawili walio sawa. Wezi wangapi wamefungwa kwa sababu ya penseli yangu, sikumbuki.

Basi nawapigia simu. Nauliza kimo, nauliza meno, nauliza kwato. Wengine wameshanizoea, wananiita bibi wa maswali. Wengine wamenizuia nisiwapigie tena. Simu hii Tilek alininunulia ili wajue kama ningali hai, na sidhani alitegemea bili ya namna hii.

Mlango wanaufunga tangu mwezi wa kumi na moja, nilipoacha gesi wazi. Mara moja tu. Nyonga zangu ni mbovu, jengo halina lifti, tuko ghorofa ya nne. Ngazi ni sabini na mbili. Nilizihesabu siku waliponipandisha kutoka kijijini, miezi minane iliyopita, na sijapata kuzihesabu kwa kushuka. Wanasema ni kwa usalama wangu, na mbaya zaidi ni kwamba hawasemi uongo. Tilek ni mtoto mwema. Anasugua magoti yangu kwa mafuta kila jioni. Ni vigumu kumchukia mtu anayekusugua magoti, na siku nyingine nakaa hapa nikijaribu.

Jumatatu nikaliona tangazo hili.

«FARASI. Dume kahasiwa. Rangi ya farasi. Miaka anayo. Alikuwa mzuri sana sasa kakonda kidogo lakini mifupa ipo nyama itarudi. Mguu mmoja. Elfu thelathini na tano anafaa soseji. Atakayekuja aje bila maneno mengi.»

Mguu mmoja. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Rangi ya farasi. Asante, tulidhani ni ya kuku. Nikajiandaa kumpigia mwenyewe nimkoseshe raha, lakini kwanza nikaivuta picha kwa vidole viwili ikue, kama Jypara alivyonifundisha.

Picha ilipigwa kutoka mlangoni mwa banda. Ndani giza. Farasi wa kahawia, nywele za shingo nyeusi, amefungwa kwa kamba fupi isiyomruhusu hata kulala. Amesimama kwenye samadi iliyopita kwato. Mkia wake ulikuwa mfupi, haujafika chini ya goti la nyuma, mkia uliokatwa na kuanza kukua tena. Mwanga wa mlangoni ulimwangukia shingoni, na pale shingoni, kiganja kimoja chini ya sikio, nywele zilijizungusha kulia. Chini yake kidogo zikajizungusha tena, kushoto, zikitazamana.

Miaka thelathini na moja, jozi kama hiyo niliiandika mara moja tu, na si kwenye daftari la shamba. Niliiandika kwenye karatasi ya shule, kwa ajili ya mtoto wa farasi aliyezaliwa uani kwetu, na mume wangu Sagynbai akaikunja ile karatasi akaitia kwenye kofia yake. Farasi yule tulimwita Toru.

Na Toru nilikuwa nimekwisha kumla.

Kwetu mtu mzima akifa, farasi wake hukatwa mkia. Hapandwi mwaka mzima, hata mtoto mchanga hawekwi mgongoni kwa mchezo. Anaachwa ale anenepe, na watu wakimwona malishoni na mkia wake mfupi hushusha sauti. Hitima ya mwaka ikifika, anachinjwa, nyama yake inaliwa na wote walioalikwa, na marehemu kule aliko anapata cha kupanda. Imamu wetu hataki kusikia hicho kipande cha mwisho. Anasema dua inatosha. Lakini naye hula.

Sagynbai alikuwa mtu asiyetembea. Kutoka mlangoni kwetu mpaka dukani ni hatua mia mbili, alipanda. Chooni tu ndiko alikokwenda kwa miguu, na hata hapo alilalamika. Alipokuwa kitandani siku za mwisho hakuuliza habari yangu wala ya Tilek, aliuliza, «Toru kapewa maji?» Nilimshika Toru hatamu mimi mwenyewe walipomkata mkia.

Siku ya hitima mjane hakai na wachinjaji. Nilikuwa ndani ya hema la msiba, uso umeelekea ukutani, naomboleza kama inavyotakiwa, na wanaume walikuwa nyuma ya ghala. Mpwa wa mume wangu, Esenkul, aliyebaki na nyumba yetu na wanyama wetu, ndiye aliyesimamia kisu. Ndiye aliyeniletea sahani, kwa mikono miwili, kwa adabu: ubavu na mafuta yake. Nikala huku nalia. Nikasema, haya mzee, panda sasa.

Sasa nilikuwa dirishani na simu mapajani, nikijiuliza nilimla nani.

Nikisema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hasira. Ilikuwa furaha. Toru yu hai. Furaha hiyo ilidumu muda wa kunywa kikombe cha chai, halafu ikaja nyingine: kama Toru yu hai, Sagynbai wangu anatembea kwa miguu. Miezi minane. Na viatu hana, tulimzika na sanda tu.

Nikaipiga ile namba. Ilikuwa ngeni kwangu, lakini sauti niliijua kabla haijamaliza kusema haloo. Nilimlea mimi, mamake alipokwenda Urusi kufanya kazi. Nikabana pua.

«Nauliza habari ya farasi.»

«Yupo. Thelathini na tano. Sipunguzi.»

«Ana miaka mingapi?»

«Miaka anayo.»

«Huo mguu mmoja ni upi?»

«Wa nyuma. Anachechemea kidogo. Mama, unamnunua au unamposa?»

«Meno umeyaangalia?»

«Meno yako mdomoni mwake. Sikiliza, nina kazi.»

«Na nywele za shingoni,» nikasema, «zimejizungusha mara ngapi?»

Nilisikia mbwa anabweka huko aliko.

«Mama mkubwa?» akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba na amevunja kioo.

«Ndiyo mimi. Nilikula nini, Esenkul?»

«Mama mkubwa, subiri—»

«Nakuuliza nilikula nini.»

«Jike. Jike mzee niliyemnunua sokoni Kemin. Alikuwa mzima, hakuwa na ugonjwa, wallahi.»

«Ahsante kwa kunichagulia.»

Akaanza kulia, au alipiga chafya, sikujali. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Kwamba Toru alikuwa na mbio na kifua, farasi wa ule mchezo wetu ambao wapanda farasi hugombea mzoga wa mbuzi. Kwamba kumtia kisu farasi kama yule ni dhambi. Kwamba alimvusha ng'ambo ya mlima, akamchezea huko ambako watu hawamjui, na alishinda mara nne. Mara ya tano, siku za mwaka mpya, Toru aliteleza kwenye barafu akamwangukia. Mguu wa Toru, nyonga ya Esenkul. Tangu hapo anatembea kwa fimbo.

«Ulimpanda farasi wa marehemu. Ulitegemea akubusu?»

«Sikuwa nalala vizuri hata kabla ya hapo.»

«Na huyo uliyemweka gizani amekukosea nini?»

«Mchana siwezi kumtoa, mama mkubwa. Barabara ya kwetu hupita hapa, kila mtu anamjua Toru. Usiku nampelekea maji.» Akashusha sauti. «Ijumaa anakuja mtu wa soseji.»

«Alhamisi utamleta hapa.»

«Hapa wapi? Mjini? Ghorofa ya nne?»

«Uani. Saa nne asubuhi. Usipokuja, saa tano nampigia imamu, na saa sita nawapigia wazee wa ukoo mmoja mmoja. Namba zao ninazo zote, na muda ninao kuliko mtu yeyote unayemjua.»

Jioni ile Tilek alikaa chini mbele yangu na kopo lake la mafuta akaanza na goti la kushoto. Jypara alikuwa mezani anakata tambi. Nikaivuta picha, nikaikuza pale shingoni, nikamwekea simu karibu na uso.

«Hebu mtazame huyu.»

«Farasi wote wanafanana, Apa,» akasema. Apa kwetu ni mama.

Hakuwa ameinua macho. Alikuwa anatazama goti langu na kulisugua kwa nguvu mpaka nikashtuka. Nikamwangalia utosi wake, ule ambao nimeuosha mara ngapi. Mtu asiyejua hutazama kwanza, kisha ndipo anasema hapana. Huyu alisema kabla ya kutazama.

«Hujamwona,» nikasema.

«Apa, umechoka.»

«Simu inamchosha macho,» akasema Jypara bila kuacha kisu. Si mkorofi, amezaliwa mjini, kwake farasi ni nyama ya sikukuu. «Siku nzima farasi, farasi. Wiki ijayo tumpeleke kwa yule daktari wa kichwa. Na simu tuwe tunaikusanya jioni, apate kulala.»

«Ni kwa ajili yako, Apa,» akasema Tilek kwa goti langu.

Nikawapa simu. Ningefanya nini, nipigane? Ukisema unachokijua wanakupeleka kwa daktari wa kichwa. Ukikaa kimya mnyama anakuwa soseji. Nililala nikilitazama dari, na nilimwonea mwanangu aibu, na nilijionea aibu mimi mwenyewe, kwamba mtoto huyu nimemzaa na kumfundisha kusoma halafu akanikalisha mbele ya sahani ile. Asubuhi walinirudishia simu, maana wakiwa kazini wanaihitaji wao.

Alhamisi lori liliingia uani saa nne na robo. Kina mama wawili walikuwa kwenye mlingoti wa chuma wa kuning'inizia mazulia, wanayapiga vumbi, wakaacha fimbo hewani. Esenkul alishuka na fimbo yake, akashuka na mwanamume mwingine mwenye kofia, wakaweka ubao nyuma ya lori. Toru alikataa. Alisimama kwenye ukingo wa mwangaza akipepesa macho, miguu inamtetemeka, mpaka wakamvuta.

Nilifungua dirisha. Baridi ikaingia. Nikamwandika kwa kichwa, sikuweza kujizuia: kahawia, nyota ndogo kwenye paji la uso, mguu wa nyuma wa kushoto haukanyagi sawasawa, vidonda viwili mgongoni vya tandiko, kwato zimepasuka, manyoya ya msimu wa baridi yamekatika vipande. Mbavu zote. Alikuwa farasi wa watu kugeuka kumtazama.

«Toru,» nikaita.

Ningependa kusema aliinua kichwa. Hakuinua. Palikuwa na majani makavu ya mwaka jana chini ya mti wa mtufaha wa mama wa ghorofa ya kwanza, na alikuwa anayala kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mimi ndiye niliyelia, dirishani, mbele ya kina mama wa mazulia.

Esenkul alimfunga kwenye mlingoti wa chuma akapanda ngazi. Nilimsikia: fimbo, mguu, kupumzika, fimbo, mguu, kupumzika. Sabini na mbili. Nilikwenda mpaka mlangoni nikishika ukuta.

«Nifungulie, mama mkubwa,» akasema kwa nje.

«Nifungulie wewe. Mimi sina ufunguo.»

Kitasa kikatikisika. Kikaacha.

«Wanakufungia?»

«Kwa usalama wangu.»

Nikasikia anakaa kwenye ngazi, na fimbo yake ikagonga sakafu.

«Mimi pia nilijiambia hivyo,» akasema mwishowe. «Kuhusu yeye.»

«Haya. Nani mwingine alijua?»

«Mama mkubwa, mambo yamepita.»

«Esenkul.»

«Muulize Tilek.»

«Nakuuliza wewe. Tilek nimeshamuuliza.»

«Yeye alisema baba yake alimpenda mno Toru, asingetaka achinjwe. Nadhani hata aliamini. Halafu nikamwambia nikishinda nitampa sehemu, na hilo pia hakulikataa.» Akakohoa. «Kisu kimo kwenye lori. Yule niliyekuja naye anajua dua. Sema neno tu, tunamaliza leo, hapo uani au popote unapotaka. Mjomba apate haki yake, nami nipate usingizi. Nimechoka, mama mkubwa.»

Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango. Chuma kilikuwa baridi. Hapo ndipo nilipobanwa kweli, si na ufunguo. Upande mmoja mzee wangu, mtu asiyetembea, anatembea. Neno langu moja tu na anapanda. Upande wa pili mnyama ambaye miezi mitatu hajaona jua, ameonjeshwa majani ya mtufaha dakika kumi, na neno hilo hilo moja linampeleka. Kumwacha hivi hivi haiwezekani. Farasi wa marehemu hana mwenyewe, akivuka wiki hii wiki ijayo atauzwa tena na mwingine atamwandika «kakonda kidogo». Nilimkasirikia Sagynbai, Mungu anisamehe. Nilimwambia, wewe miaka yote uliketi juu na mimi nikashika hatamu, na bado unaniachia mimi.

Na nilipomwambia hivyo ndipo nikakumbuka hatamu ile, siku ile, na mkia.

«Esenkul,» nikasema. «Mkate mkia.»

«Nini?»

«Mkate mkia. Pale pale kama siku ile, juu ya goti. Huyo mwenye kofia asome anachosoma. Mwaka unaanza upya leo.»

«Mwaka gani? Mwaka ulishapita, mama mkubwa. Hitima tulishafanya.»

«Mlimfanyia nani? Mlimchinja jike wa watu wa Kemin. Mume wangu hajafanyiwa kitu. Kwa hiyo Toru ni farasi wa msiba, hapandwi, hauzwi, hafungwi, haguswi na mtu, anakula mpaka mwaka utimie. Ndiyo desturi au siyo?»

«Ndiyo,» akasema polepole.

«Utampandisha lori mpaka njia panda ya kijiji. Pale utashuka. Utamwongoza kwa miguu, mchana, katikati ya kijiji, mbele ya duka, mbele ya msikiti, mpaka nyumbani kwetu. Watakaouliza utawajibu. Mjomba wako anatembea. Na wewe tembea kidogo. Majani yakiota utampeleka malishoni juu, umwachie. Nitakuwa napiga simu.»

«Watanitema mate.»

«Utajifuta.»

Alicheka kwa pua, kicheko kibaya. Kisha akauliza, «Na mwaka ukitimia?»

«Mtamchinja mbele ya macho yangu. Nitashushwa ngazi hizi hata kama ni kwenye blanketi, nitatazama shingo yake kwanza, ndipo mtie kisu. Na kama sitakuwepo, basi nitakuwa nimetangulia, na nitamwambia mzee mwenyewe kwamba mnyama wake yuko njiani, alichelewa kidogo, alikuwa anakula.»

Sikumwambia iliyobaki, kwamba nilikuwa nimemwomba Sagynbai msamaha pale sakafuni. Nilimwambia, nisamehe mzee wangu, tembea mwaka mmoja tena. Umekaa mgongoni miaka sitini, nyayo zako bado ni laini.

Nikarudi dirishani kutazama. Yule mwenye kofia alisema bismillahi akashika fungu la nywele, Esenkul akakata. Haikuchukua muda. Toru aligeuza shingo kidogo kutazama nyuma yake, akarudi kwenye majani yake. Mmoja wa kina mama wa mazulia, mtu mzima wa rika langu, alikuwa ameshaelewa. Niliona anafunga kitambaa chake vizuri na kuinamisha kichwa. Kisha akaingia ndani akatoka na beseni la maji na nusu mkate, akamwekea Toru chini bila kuuliza mtu.

Nikampigia Esenkul nikiwa namwona. «Futa tangazo.»

«Nitafuta nikifika.»

«Futa sasa, natazama.»

Aliinama juu ya simu yake pale uani. Nikafungua ule ukurasa, nikafungua tena, mpaka ukaniandikia kwamba tangazo hili halipo.

«Na siku nyingine ukiandika farasi,» nikasema, «andika rangi.»

«Sawa, mama mkubwa.»

«Huo mkia ulete huku juu.»

Akapanda tena, maskini, na nyonga yake. Nilimwambia aufunge kwenye kitasa.

«Cha nje?»

«Cha nje. Ndani najua tayari.»

Lori lilipoondoka nilimwona Toru kwa nyuma, kati ya mbao, kichwa kimetoka kwenye upepo. Halafu uani pakabaki mazulia. Nilifunga dirisha, nikapasha supu, nikaiangalia gesi mara tatu kwamba nimeifunga. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, na nilikuwa bado ghorofa ya nne.

Saa kumi na mbili jioni nikawasikia. Tilek huruka ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya tatu, halafu pumzi humwishia anatembea. Jypara alikuwa nyuma yake anaongea habari za bei ya vitunguu. Funguo zikalia. Kisha zikanyamaza.

«Hii ni nini?» akauliza Jypara. «Tilek? Nani ametuwekea uchafu huu mlangoni? Tilek, unalia nini?»

Nilisubiri nisikie ufunguo ukiingia, kama kila siku, bila salamu, kwa sababu tangu wanifungie hakuna aliyepata kubisha mlango huu. Abishe nani, na ufunguo uko mfukoni mwake. Haukuingia. Kisha vidole vikagonga chuma, taratibu, mara tatu.

«Apa,» akasema mwanangu. «Hodi.»

Nilikaa kwanza.

«Ingia,» nikamwambia. «Ufunguo unao wewe.»